Freni ya Nyuma na Posa ya Mwanvua

Alhamisi, 6 Machi 1997

Mwanvua kakubali! Jumapili kaka yake, Huseni, anakuja kutoka Rumonge kusikiliza posa yangu. Mwanvua mjane wa miaka hamsini na tano, mimi sitini na nane — na bado tunaomba ruhusa. Haya. Ila kaweka sharti: freni ya nyuma ya moto yangu, breki ya pikipiki hii, inyamaze. Ikilia kiiii! mtaa wao wote wa Ngagara unasema, Muzee Massoudi huyo, Mwanvua paka wanja. Amechoka kuchekwa. Mimi sioni ubaya. Wakubwa wanapigiwa tarumbeta, mimi najipigia.

Ijumaa, 7 Machi

Baada ya swala nimefungua gurudumu mwenyewe. Bawaba ikilia si inatiwa mafuta? Nikatia mawese ndani ya tamburi, kile kikopo cha chuma kinachofunika freni, vijiko vitatu. Kimya! Nikajipongeza mpaka barieri, kizuizi cha jeshi barabarani, pale Zone Industrielle. Nakanyaga freni — moto inaendelea na safari yake! Nimewapita wanajeshi miguu chini, sandali zinachanika, napiga kelele: freni! freni! Bunduki zote zikanigeukia. Bahati, kaporali mmoja akacheka. Muzee, unakimbilia wapi? Kuoa, nikamwambia. Akasema yeye amezoea kuona watu wakikimbia kutoka huko.

Naandika nimejifunga blanketi. Ni baridi. Bujumbura, mwezi wa tatu!

Jumamosi, 8 Machi

Amissi, fundi wa hapa Bwiza, kafungua tamburi, kanusa, kaita garaji nzima. "Muzee, unakaangaka ndizi humu?" Wamecheka mpaka wakakaa chini. Vile vipande viwili vinavyobana vimekunywa mawese, havifai tena. Vipya hakuna, embargo: nchi jirani zimetufungia biashara. Kavitoa vingine kwenye moto iliyokufa, kavipiga msasa, kalainisha kona zake, kafuta vumbi lote la ndani. Kumbe vumbi lile ndilo lilikuwa linalia! Sasa inashika. Na haisemi neno.

Jumapili, 9 Machi

Risasi upande wa Kamenge mpaka alfajiri. Sasa shwari. Kanzu safi, marashi. Kwenye mteremko wa kwa Mwanvua nimezima moteri kama siku zote — esansi, petroli, siku hizi ni ya kutafuta kwa tochi. Nimeteleza mpaka mlangoni. Hata kuku hawakugeuka.

Hodi! Ndani kabati likasukumwa nyuma ya mlango.

"Nani?" Sauti ya mwanaume. Huseni.

Mi, Massoudi.

"Muongo! Dada anasema Massoudi anasikikaka toka barabarani. Hatukusikia kitu. Watu wabaya ndiyo wanakujaka kimya."

Nimeapa. Nimemtaja marehemu mume wa Mwanvua, nimetaja hata posa. Huseni kasema ningoje, wanashauriana. Majirani wamefunga madirisha. Naandika juu ya kiti cha moto, kanzu imelowa jasho, marashi yamekwisha kazi.

Nimejaribu kwa mdomo: kiiii!

Halafu Mwanvua, taratibu, nyuma ya kabati:

"Apana. Yake ilikuwaka ndefu."

Navuta pumzi.