Ufunguo wa Stoo ya Meja

Kambi ya Tano,
Shamba la Chai,
S.L.P. 27,
Sotik.

14 Machi 1968

Mpendwa dada Bilhah,

Nakusalimu kwa upendo mwingi hapo Kampala, wewe na shemeji Obiero na watoto. Je, mnaendeleaje? Kile kifua cha shemeji kimepoa, au bado anakohoa akirudi kutoka reli? Sisi huku ni wazima. Mvua imeanza, chai inachipuka, na mke wangu Kemuma anarudi jioni na vidole vyeusi vya kuchuma kama kawaida.

Kabla sijaendelea, tazama bahasha. Gundi ikiwa imekunjamana, ujue karani wa ofisi ameifungua tena. Ananisalimia kwa furaha sana siku hizi, na mimi sijampa sababu ya kufurahi.

Nilikuandikia kwamba nilitolewa kwa ng'ombe wa maziwa nikapelekwa kwa farasi wa meneja. Anaitwa Meja. Meneja humpanda kila asubuhi akikagua wachumaji. Tunamtunza watu wawili: mimi, na Mkipsigis mmoja anayeitwa Kiplangat, ambaye amekaa na farasi miaka mingi. Mimi hupumzika Jumamosi kwa ajili ya Sabato, yeye hupumzika Jumapili.

Huyo Kiplangat sikumpenda tangu siku ya kwanza. Haongei. Ana ng'ombe wawili nyumbani, wamenona kupita kiasi, nami nikajiuliza wananona kwa pumba ya nani. Niliwahi kuona unga wa pumba kwenye mkono wa koti lake. Unajua mimi si mtu wa kusingizia watu, lakini macho ninayo.

Basi Ijumaa ya tarehe moja, siku ya maandalio, nilifanya kama Mama Bochaberi alivyotufundisha: kuni zikapasuliwa, maji yakatekwa, chakula cha Sabato kikapikwa mapema. Nikaona nimwandalie Meja vilevile. Nikamwaga pumba na mahindi ya kusaga kwenye hori lake, ya Ijumaa na ya Jumamosi yote pamoja, nikafunga stoo na kutia ufunguo, ulio mmoja tu, mfukoni. Nilitaka nione Kiplangat atawalisha nini ng'ombe wake.

Jumamosi tulipotoka kanisani nilipitia bandani. Dada, niliyoyaona yalinitia baridi. Meja alikuwa ameloa jasho, anachimba chini kwa kwato, anageuza shingo kutazama ubavu wake. Kiplangat amemwekea sikio tumboni, upande huu, kisha upande ule. Akamfunua mdomo, akabonyeza ufizi kwa kidole gumba, akautazama. Akashika chini ya taya ya farasi, midomo yake mwenyewe ikichezacheza kama anayenuia. Kisha akatoa nyasi zote na kuzitupa nje. Mnyama mgonjwa, naye anamnyang'anya chakula! Meja alipotaka kulala agaegae, akamvuta kwa nguvu akaanza kumtembeza. Nikasema, huyu anamroga.

Nilikimbia nyumbani nikaleta magadi kwenye chupa, kama tunavyomnywesha ng'ombe aliyevimba tumbo. Kiplangat aliipiga ile chupa ikapasuka ukutani.

Akanikemea, "Wewe, hii hapana ng'ombe! Hii hawezi cheua, hawezi tapika! Hiyo dawa itaingia kwa mapafu yake, atakufa sasa hivi. Kimbia kwa ofisi, ita daktari ya mifugo!"

Nilikimbia ofisini, ndiyo. Daktari alipigiwa simu. Lakini nilimwambia meneja pia kwamba Kiplangat amempa Meja kitu kinywani.

Daktari alifika na Land Rover kutoka Sotik. Naye akashika chini ya taya akihesabu mapigo ya damu, kisha akapitisha mpira puani hadi tumboni, akamimina mafuta, akakaa naye mpaka farasi akapata choo. Akasema ni msokoto wa tumbo, amekula nafaka nyingi kwa mara moja, na asingetembezwa na kuitiwa msaada mapema angekufa. Halafu akauliza ni nani aliyemlisha.

Jumamosi ni zamu ya Kiplangat. Yeye akasema alikuta hori limebaki chenga tu, na stoo imefungwa. Meneja akanitazama. Nami, dada, nikatazama viatu vyangu vya Sabato. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, nikausikia ukinichoma pajani, wala sikuutoa. Kiplangat akaambiwa atoke kambini na familia yake kabla ya Ijumaa.

Sikula siku nne. Kila nikipita nyumbani kwao, mkewe Chepkorir alikuwa anafunga vyombo kwenye gunia. Alinisalimia vizuri, jambo lililonitia wasiwasi zaidi. Na wale ng'ombe niliwachungulia: wanakula majani ya viazi vitamu, basi.

Alhamisi nilikwenda kwa meneja nikamwekea ufunguo mezani nikasema yote. Alinifokea mpaka masikio yakawaka. Kiplangat amebakishwa kwa farasi, nami nimepelekwa kuchuma chai. Nyumba nimeachiwa kwa ajili ya Kemuma. Ila Sabato bado napumzika, nafanya kazi Jumapili kwa kubadilishana na wengine, na Kiplangat akimhitaji mtu bandani nitamsaidia.

Jumatatu hii Kiplangat aliniita. Mbele ya watu akafungua stoo kwa ufunguo wake, akapima kopo la pumba, akamlisha Meja. Kisha akanishika kichwa akaniweka sikio ubavuni pa farasi. Ndani kulikuwa kunanguruma kama chungu cha uji. "Hiyo ndiyo mzima," akasema. "Ikinyamaza, kimbia." Halafu akafunga stoo, akanipa mimi ule ufunguo nikae nao, akaenda zake.

Nimekaa siku tatu nikitafuta nia mbaya aliyo nayo katika kunipa ufunguo ule. Sijaiona. Nimemwona mtu mmoja tu wa kuchungwa katika banda lile, naye ndiye anayekuandikia.

Msalimie sana shemeji Obiero, na wajomba wote mnaokutana nao huko. Kemuma na mwanangu Mokeira wanakusalimu. Mokeira anauliza utamletea nini. Mungu aliyemhurumia farasi na mjinga aliyemlisha awalinde nyote.

Ndugu yako akupendaye daima,
Gichana