Mkoba Wangu Umeshikwa na Watani

Kilosa, masika.

Dada yangu Tatu,

Shikamoo. Ipokee hivyo hivyo ya karatasi, ila ujue nimepiga magoti. Mama ameamkaje? Mguu bado umevimba? Na mgongo wako je? Sisi huku wazima, ila tope limetufika magotini.

Najua umekasirika. Ulimtuma shemeji stesheni ya Tabora anipokee, akarudi na baiskeli tupu, na mama alikuwa amekwisha kuogeshwa, amekalishwa barazani ananingoja. Nisikilize kwanza.

Unakumbuka nilikuja huku kumpikia Rashidi mpaka aoe. Basi mwanangu sasa ni meneja, dada! Serikali ilimpeleka Ulaya kusomea plastiki, ikamrudisha ikamwambia, haya, anzisha kiwanda Kilosa, vijiji vya ujamaa vipate vyombo. Akakabidhiwa godauni la katani lililojaa popo. Leo mna mashine ndefu kama vitanda viwili. Unaimwagia punje za plastiki kama mtama, inaziyeyusha, inausukuma uji wake ndani ya kalibu ya chuma; kalibu ikifunguka, kikombe hicho, na mkono wake! Watoto wa shule kule Mikumi wananywea uji wa moto vikombe vya mwanangu na havilainiki. Nilipanda lori nikaenda kuwaona kwa macho yangu. Mwalimu mkuu akaniita Mama Kiwanda mbele ya shule nzima. Nani katika ukoo wetu amewahi kuitwa hivyo?

Kasoro ni maji. Kalibu hupozwa kwa maji yanayopita kwenye vitundu vyake, la sivyo kikombe kinatoka kimepinda kama sikio la mbuzi. Kiangazi mto unatupa maji safi. Masika unatupa tope, na tope likiziba vile vitundu, kazi imekufa. Chujio la Rashidi liliharibika mvua za kwanza tu. Akawaambia wanawake wanaokata ncha za plastiki zinazobaki kwenye vikombe wachuje maji kwa kanga zao. Bi. Mwanahawa, mjane wa Kisagara, akamjibu, "Baba, kanga hii nilinunuliwa na marehemu. Mimi si mke wa mashine yako." Wakachukua majembe wakaenda zao shamba.

Niliposikia, nikaenda kiwandani, nikavua kanga yangu ya juu, ile uliyoninunulia Idi, nikaifunga mdomoni mwa pipa. Nikapaza sauti, "Wasagara, njooni mfundishwe kuchuja na Mnyamwezi, maana nyie hata togwa mnakunywa na machicha yake!" Watani wavumilie tusi hilo? Kesho yake wote walikuja, na kanga kuukuu begani. Tangu hapo nikiwapo wanachuja. Nikiugua homa, pipa linakauka.

Barua yako kwamba mama ananiulizia ilipofika, nilifunga mkoba papo hapo. Rashidi akasema, "Nenda mama, Mungu akutangulie," lakini hakunitazama. Stesheni nikamkuta Mwanahawa na wenzake. Treni ilipoingia akanipokonya mkoba, akaukalia.

"Mtani haondoki bila kujikomboa. Toa jogoo!"

"Nitakuletea kutoka Tabora. Nipishe, mama yangu mgonjwa."

"Jogoo wa ahadi huyo, wa Kinyamwezi! Kaa hapa. Hata ukifa usiogope, nani atakuzika kama si sisi watani wako?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana mtani hakasirikiwi. Nilikuwa bado nacheka, dada, treni ikaondoka.

Tulipokuwa njiani kurudi Mwanahawa akaacha mzaha. Akanishika mkono. "Shoga, usinilaumu. Meneja ndiye aliyetuomba."

Nilimkabili Rashidi. Akainama. "Mama, mashine naweza kuiendesha. Watu wananishinda. Mvua zikikatika utakwenda." Nilitaka kumzaba kibao. Kisha nikaona malengelenge ya moto mikononi mwake, nikampakulia ugali. Lakini niambie, mtoto gani mwingine ana akili ya kumtega mama yake kwa utani? Namsifu, na huku moyo unaniuma.

Mkoba ungali kwa Mwanahawa, umetundikwa ukutani. Jogoo nilimpelekea, akamchinja, tukamla pamoja, na mkoba hakunipa. Kila treni ya kwenda kwenu ikipiga honi, mikono yangu imo ndani ya pipa, nakamua kanga. Mlango wa godauni uko wazi mchana kutwa. Hakuna aliyenifunga kamba, na kutoka siwezi. Mvua nayo haina dalili ya kukatika.

Mpe mama kikombe hiki cha kijani. Ncha zake nimezikata mwenyewe, hakitamkwaruza mdomo. Mwambie ni cha mjukuu wake meneja, awaringie majirani.

Nisalimie shemeji yangu fundi baiskeli, aliyekwenda stesheni bure, anisamehe. Mjomba mwalimu wa chuoni asiache kutuombea. Bintiyo mwenye mimba aache kubeba ndoo.

Na mama mwambie hivi: huko Tabora nako watani wamejaa, kazi yao ya kuzika wanaijua, na wanapenda kujitokeza mapema. Asiwape kazi mpaka nifike.

Ni mimi mdogo wako, ninayekamua kanga,
Mama Rashidi