Kijisanduku cha Shaibu kwenye Mizani ya Mchafukoge

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Hiral Vivek Lakhani
Umri: Miaka 46
Dini: Hindu
Kazi: Biashara ya viungo, jumla na rejareja
Makazi: Mchafukoge, Ilala, Dar es Salaam
Tarehe: 27/10/2023, saa 8:10 mchana

Mimi ni Hiral Vivek Lakhani. Koplo Hyasinta ameniambia niseme niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, nisichanganye na ya kuambiwa, na kwamba kusema uongo mbele yake ni kosa. Nimeelewa. Nimeahidi kusema kwa kifupi kwa sababu muda wenyewe ni mfupi, ingawa wanaonifahamu wanajua kifupi changu kikoje.

Mnamo tarehe 23/10/2023, siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, nilikuwa ghalani kwetu Mchafukoge pamoja na fundi Shaibu, ambaye ndiye mtuhumiwa. Shaibu ana kibanda cha kutengeneza kompyuta na mizani pale Msimbazi. Nilimwita mimi. Mume wangu Vivek yuko Tanga kununua pilipili manga, kwa hiyo mambo ya ghala nayasimamia mimi na baba mkwe wangu, Mzee Jitendra, ninayemwita Baba, ambaye ndiye mlalamikaji.

Mizani yetu ni ya sakafuni, ya kupimia magunia. Ni ya zamani lakini nzima. Nyuma ina tundu moja tu la kebo, na kwa tundu hilo inaongea na kompyuta moja, ile ya ghalani. Sisi uzito tunauhitaji sehemu tatu: ghalani, kaunta ya mbele, na ghorofani kwa wifi yangu Pinal anayetunza hesabu. Miaka yote kazi hii tuliifanya kwa koo. Karani wa ghala anapiga kelele, kaunta wanadaka, Pinal anadaka kwenye ngazi, na jioni gunia moja lina uzito wa aina tatu. Hapo Baba anakaa kwenye kiti chake na kutusuluhisha kama mjumbe wa mtaa. Kazi hiyo anaipenda kuliko chai.

Shaibu alileta kijisanduku cha bati, kinaenea kwenye kiganja. Upande mmoja alichomeka kebo ya mizani, upande wa pili waya wa mtandao unaofika kwenye kompyuta zote tatu. Nilimuuliza kama mizani haitachanganyikiwa kuongea na watu watatu. Alinijibu hivi: "Mama Dhruv, mizani yenyewe haijui kama wapo watatu. Inajua inaongea na mtu mmoja, kama zamani. Hiki kijisanduku ndicho kinachomgawia kila mtu, wote kwa mpigo. Hakiongezi, hakipunguzi."

Tulijaribu palepale. Nilipanda mimi juu ya mizani. Pinal akazisoma kilo zangu kutoka dirisha la ghorofani mpaka mtaa mzima ukasikia, na kaunta wakazirudia bila kuombwa. Koplo ameniuliza zilikuwa ngapi. Nimekataa kujibu. Zilikuwa sawasawa kwenye kompyuta zote, hilo ndilo linalohusu kesi.

Shaibu alipomaliza alitupa kadi ya harusi yake. Anamuoa Waridi, binti wa Mzee Idrisa, mshona kanzu. Ndoa ni leo Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Kijana alikuwa na furaha hata bisibisi ilimponyoka mara mbili. Baba alimwombea heri na akasema iliki yote ya pilau itatoka kwetu.

Kesho yake, Jumanne tarehe 24, ilikuwa Dasara, sikukuu yetu ya Kihindu. Nyumbani kwetu siku hiyo vyombo vya kazi vinapumzika na kuombewa. Magari, cherehani, visu vya jikoni, hata kalkuleta. Baba mwenyewe aliizima mizani asubuhi. Jioni aliipamba kwa shada la maua ya njano na kukipaka kioo chake unga mwekundu wenye punje za mchele, upande wa kushoto, akabonyeza kwa kidole gumba. Kijisanduku nacho akakipaka kidogo, akasema mgeni naye asiachwe. Katikati ya mizani aliweka lota, yaani chombo chetu cha shaba, kimejaa maji na juu yake nazi. Kisha akaiwasha mizani, lota ikiwa hapohapo juu, kwa sababu kwake kuwasha ndiyo kufungua mwaka wa kazi. Tulikula peremende tukaenda kulala. Asubuhi Baba aliiondoa lota, mizani ikiendelea kuwaka, maana hatuizimi hata usiku isipokuwa Dasara. Shada na unga havikuguswa, kwa sababu hatuvifuti, tunaviacha vianguke vyenyewe.

Jumatano tarehe 25 lilikuja lori la pilipili manga. Kila gunia ni la kilo hamsini. Gunia la kwanza lilisoma arobaini na sita na nusu. La pili vilevile. La tatu vilevile. Dereva aliapa kwa mama yake. Alhamisi likaja la iliki na mdalasini, mambo yakawa hayohayo. Wachukuzi wetu walipanga foleni gunia juu ya gunia, mizani haikupata hata nafasi ya kupumua, na ghalani, kaunta na ghorofani kote tulisoma pungufu ileile.

Hapo ndipo Baba alipoanza kukishuku kijisanduku. Nayanukuu maneno yake kwa sababu niliyasikia, na mpaka leo yananichekesha japo wakati ule sikucheka. Alisema: "Miaka arobaini watu watatu katika ghala hili hawajawahi kukubaliana uzito wa gunia moja. Leo wanakubaliana wote! Hawa wamefundishwa. Kile kidude kinawafundisha." Kwake yeye, kompyuta tatu kusema kitu kimoja ndiyo ilikuwa dalili ya wizi. Aliona Shaibu ameweka mtambo wa kuficha kilo tatu na nusu kwa kila gunia, ili mwenzake azichote nyuma.

Nilimwambia, "Baba, subiri Vivek arudi." Akasema mwizi hasubiriwi. Saa kumi jioni ya Alhamisi alikuja kituoni, na Shaibu akakamatwa kibandani kwake huku amepakwa hina kidoleni. Koplo alifika ghalani akatuonya kijisanduku kisiguswe na mtu. Hakikuguswa.



Leo Ijumaa saa tatu asubuhi Mzee Idrisa alikuja dukani. Alikuwa amevaa kanzu aliyoishona kwa ajili ya siku ya leo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaomba apimiwe iliki yake. Nilimwambia iliki ni zawadi. Akasema hawezi kupokea zawadi kutoka nyumba inayomwita mchumba wa binti yake mwizi. Baba alikuwa kwenye kiti chake, anasikia. Mzee Idrisa akamgeukia akasema kwa upole kabisa: "Mzee mwenzangu, mimi siozeshi binti yangu kwa mtu mwenye doa. Kama umekosea, njoo kwa miguu yako useme mbele za watu. Kama hukukosea, mimi nitawarudisha wageni." Kisha akaondoka bila iliki. Nilimhurumia yeye, nilimhurumia Waridi ambaye mikono yake ilikuwa bado mibichi kwa hina, na nilimhurumia Baba pia, maana uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

Saa sita na robo mchana ilisikika adhana ya Ijumaa. Wachukuzi wetu karibu wote ni Waislamu, wakaacha magunia wakaenda msikitini. Mizani ikabaki tupu. Naomba hili liandikwe vizuri: tangu Jumatano asubuhi ilikuwa mara ya kwanza naiona mizani ile haina kitu juu wakati wa kazi. Kompyuta zetu huandika uzito gunia likishatulia tu. Mizani ikiwa tupu hazionyeshi chochote. Lakini kioo cha mizani chenyewe kilikuwa kinaonyesha tatu nukta tano.

Nikajiuliza inapima nini, hewa? Nikachungulia. Mbele ya ile tatu, chini ya unga mwekundu wa Baba, niliona kama kuna kitu kinawaka. Nikafuta kwa ncha ya mtandio. Ilikuwa alama ya kutoa. Mizani haikuwa inasema kilo tatu na nusu. Ilikuwa inasema imepungukiwa kilo tatu na nusu, inadai kitu chake kilichokuwa juu kikaondolewa.

Nilipiga kelele. Pinal aliteremka mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Nikamuuliza lota ina uzito gani ikijaa maji na nazi juu. Tukatazamana. Sikubonyeza chochote. Nilimpigia simu Koplo, naye akaja na pikipiki, saa saba kasoro dakika kumi.

Mbele ya Koplo tuliijaza lota maji, tukaweka nazi, tukaiweka juu ya mizani. Kioo kikasoma sifuri, kimetulia kabisa. Tukaiondoa, kikarudi kutoa tatu nukta tano. Baba alipoiwasha Jumanne, mizani ilidhani lota ni sehemu ya mwili wake, ikaanza kuhesabu kutoka hapo. Kijisanduku cha Shaibu kilikuwa kinasema kweli tupu, tena kwa watu watatu kwa mpigo. Kilirudia kile kilichoambiwa. Aliyeiambia mizani mambo yasiyo ni sisi.

Koplo akaniruhusu nibonyeze kitufe cha sifuri. Nikabonyeza. Kisha Koplo mwenyewe akachagua gunia la pilipili manga miongoni mwa yale yaliyosoma pungufu, na kwa kuwa wachukuzi hawakuwepo tulilivuta wanawake watatu, mmoja na magwanda. Pinal akakimbilia ghorofani. Akapiga kelele dirishani, "Hamsini!" Kaunta nao, "Hamsini!" Mimi nilirukaruka. Sijaruka hivyo tangu nizae. Wateja waliokuwa nje wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini.

Baba alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma kioo, akaenda kaunta akasoma pale, akapanda ngazi taratibu akasoma na kwa Pinal. Aliporudi alisema neno moja: "Viatu."

Nilimwambia gari lipo nje. Akasema, "Mzee mwenzangu amesema miguu." Baba ana miaka sabini na nane na magoti yake ni ya kuuliza hali kila asubuhi. Alilivua shada la maua kwenye mizani akalishika mkononi, tukatoka. Wachukuzi walikuwa wanarudi kutoka msikitini. Mmoja akauliza, "Mama Dhruv, vipi tena, mnaenda wapi?" Kabla sijafungua mdomo Baba alijibu kwa sauti, "Tunaenda kumtoa bwana harusi!" Basi ikawa ndiyo hiyo. Wote wakageuka nasi. Mmoja alianza kupiga dumu tupu la mafuta. Wauza vitambaa wakatoka madukani, mama mmoja wa chapati akapiga kigelegele akiwa na mwiko mkononi. Kila aliyeuliza kuna nini alijibiwa na Baba mwenyewe, palepale, hakuna aliyemtuma: kwamba alimsingizia kijana wa watu, na kwamba kosa lilikuwa lake. Nahesabu alilisema zaidi ya mara ishirini kati ya ghalani na kituoni. Mwanzoni alilisema akitazama chini. Mwishoni alikuwa analisema kama anatangaza bei ya ofa.

Mzee Idrisa alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo tulipofika. Baba alisimama mbele yake, anahema, vumbi mpaka kwenye kifundo, akasema: "Kijana wako hakuiba kitu. Nimekuja kwa miguu yangu." Mzee Idrisa alisogea, akampisha nafasi kwenye benchi. Nilipoingia humu ndani kuandikisha, walikuwa wamekaa bega kwa bega.

Koplo ameniuliza kama nina shaka yoyote juu ya fundi. Sina. Ameniuliza kama nimeshawishiwa na mtu kusema haya. Nimeshawishiwa na saa iliyoko ukutani kwake. Naomba kijana atolewe aoge, kwa sababu alasiri inakaribia, na bwana harusi hawezi kwenda kuoa na harufu ya lokapu.

Niliyoyaona mimi Hiral yameishia hapa. Nimesomewa yote nikayakubali, ila neno "nilirukaruka" nimeomba lifutwe na Koplo amekataa.

Sahihi ya shahidi: H. V. Lakhani

MAELEZO YA MWANDISHI

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Hyasinta, kuanzia saa 8:10 hadi saa 8:50 mchana. Jaribio la mizani nimelishuhudia mwenyewe. Mlalamikaji ameondoa malalamiko kwa maandishi, na mkuu wa kituo ameridhia.

Mtuhumiwa ameachiwa saa 8:55 na kukabidhiwa mkanda, simu na viatu vyake. Alipotoka mlangoni mlalamikaji aliinuka kutoka kwenye benchi akiwa na shada la maua mkononi. Mtuhumiwa alimwendea akainama kidogo akasema, "Shikamoo, mzee." Mlalamikaji alikuwa analia. Mzee Idrisa alimshika bega akamwambia, "Mwitikie mwanao, mzee mwenzangu, tuondoke. Shehe anatusubiri sote."

Mlalamikaji akaitikia.