Nilifunika Bomba la Moshi, Mama Mkwe Akiwa Ndani

Mshauri, nakuomba unisikilize hata kama utanichukia ukimaliza, maana sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, na nyuma ya nyumba tuna kitalu kilichozibwa kwa nailoni kama chumba, tunamopanda nyanya, na kwa kuwa baridi ya mwaka huu ilikuwa inaunguza miche nikatengeneza jiko kwa mikono yangu, pipa la mafuta, matofali, na bomba refu la moshi nililolilaza ndani ya benchi la udongo kabla halijatokea nje juu ya paa, hivyo kuni chache za asubuhi zinapasha benchi hadi jioni, na moto wake ni safi kiasi kwamba hata moshi huuoni, watu wakaja kushangaa na mimi kichwa kikavimba.

Mama mkwe alikuwa anaishi nasi na magoti yalikuwa yanamtesa, akalipenda lile benchi kuliko kitanda chake, kila mchana anakaa pale anachambua majani makavu ya nyanya na kuniambia, "Mwanangu, wa hospitali nimewasahau, daktari wangu ni wewe." Sasa mimi nikaona joto linapotelea nje, nikawa kuni zikishakuwa makaa napanda kufunika bomba kwa kifuniko cha sufuria, nikijiambia pasipo na moshi hapana ubaya. Siku ya tatu mama akalalamika kichwa na kichefuchefu, nikamwambia, "Ni joto tu mama, utazoea."

Siku ya tano, saa tisa alasiri, mke wangu akapiga ukelele, nikakimbia, nikamwona mama amelala ubavu juu ya benchi, na nilijua palepale, mshauri, na badala ya kumbeba nilizunguka nje nikapanda nikakitoa kifuniko nikakitupa kwenye vyuma chakavu, ndipo nikarudi kumshika. Tulipofika hospitali alikuwa ameshatutoka. Wakasema ni presha, kwa kuwa kweli alikuwa nayo, nikanyamaza, na mpaka leo mke wangu hunishukuru kwamba angalau mama yake hakufa na baridi.

Kilichonifanya niandike ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ana mapacha wa miezi minne na amejenga jiko kama langu ndani ya chumba chao, juzi akanipigia, "Shemeji, Jumamosi nawasha. Ule ujanja wako wa kifuniko marehemu alinisimulia, nimeshapata kinachoenea." Nikasema hongera. Nikimwambia asifunike ataniuliza kwa nini, na nikimjibu nimempoteza mke wangu na ukoo wao wote. Nitamwambiaje bila yeye kujua?

Fundi Vyuma

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole kwa msiba. Pole hiyo naitoa mara moja tu, kwa sababu kuna watoto wawili wanaopumua na muda hatuna.

Makaa yanapofifia hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na ikikosa pa kutokea inarudi ndani. Kichwa na kichefuchefu ndizo dalili zake. Mama alikuambia kwa mdomo wake, wewe ukamwambia atazoea. Kutojua nakusamehe, wengi hawajui na wanalala na mkaa vyumbani. Lakini aliyepanda kutoa kifuniko alikuwa anajua, na hakujua kama mama bado ana pumzi. Hilo utaishi nalo, sitakudanganya kwamba litaisha.

Unauliza utamwambiaje shemeji yako bila yeye kujua. Haiwezekani, na acha kuitafuta hiyo njia. Nenda kwake kwa miguu yako, usipige simu, kwenye simu utaogopa na kukata. Mwambie kifuniko ndicho kilichomuua mama yake. Jiko hilo lisiwashwe kabisa wanapolala watoto, lenye kifuniko au lisilo nacho, na wewe uliyechomelea la kwanza ubomoe hilo la pili. Ukitoka hapo mwambie mke wako, kabla hajaletewa habari na kaka yake. Anaweza kuondoka na ana haki. Usimbembeleze siku hiyo. Mjibu kila atakachokuuliza, pamoja na kwa nini ulipanda juu kwanza.

Barua yako ilinifikia Jumatano. Namba uliyoiandika chini nimeipiga mara nne, inaita tu. Leo gazeti linatoka ni Ijumaa. Sikufuta kitu, pipa, benchi, mapacha, nimeviacha vyote makusudi ili shemeji yako akifungua ukurasa huu ajitambue, na asipousoma yeye atausoma jirani yake. Kama ungependa alisikie kutoka kwako, acha kusoma uondoke sasa hivi.