Mkwe Wangu na Mlango wa Stéphane

Jumapili, 6 Oktoba 2024

Amegonga tena! Binti yangu Graciella kamleta mumewe baada ya misa, na kabla sijasikia hodi nikasikia pu! — kichwa cha Bénit kwenye linto, ile boriti ya juu ya mlango. Nilikuwa jikoni. Nikauma kitenge nisicheke.

Kosa si urefu peke yake. Bénit ni mtu wa Butembo, kwao hawana mambo yetu ya buko. Lakini tangu harusi ya Agosti binti yangu amemfundisha vizuri mno: mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hamgusi, hali naye meza moja. Basi akifika mlangoni macho yanashuka kwenye viatu, shingo inabaki wima. Heshima ndiyo inayomuumiza, maskini.

"Pardon, mama," aliuambia ukuta.

"Pole, baba," nami nikaujibu ukuta huohuo.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimefunga kitambaa chekundu kwenye linto ili akione. Jirani yangu Nono kacheka mpaka kashika tumbo. Ati mtu anayetazama chini ataonaje kitambaa cha juu?

"Madeleine, vunja ile mulango!"

Kuvunja! Marehemu Stéphane aliijenga nyumba hii kwa mikono yake na kwa kipimo chake. Naye alikuwa mfupi, mume wangu, kofia yake ilinifika begani. Siku anaipandisha linto ile nilikuwa na mimba ya Graciella. Sivunji.

Jumapili, 13 Oktoba

Nono alisema kweli. Pu! Safari hii machozi yalimtoka. Akaenda kula barazani, Graciella akamfuata na sahani yake. Mimi ndani na sahani yangu ya bukari, peke yangu.

Wakati wa kuaga, Graciella akasema polepole, akichezea mkufu wake: "Mama, tutakuwa tunakuya mara moja moja tu. Bichwa ya bwana yangu itapasuka."

Nimelia kidogo nikiosha vyombo. Nampenda huyu kijana, na sina ruhusa ya kumwambia. Ananiletea maharagwe ya kwao, anayaweka mlangoni kama mwizi, anakimbia. Wakiacha kuja, nani atagonga hapa?

Jumanne, 15 Oktoba

Nimemuuliza shemeji Kalaba, mdogo wa marehemu: je, naweza kuongea na mkwe uso kwa uso, juu ya mlango tu? Alikunja uso.

"Buko ni buko. Ukimugusa, ao yeye akikugusa, ni kulipa mbuzi. Na haya ku famille yote."

Nikaaga. Lakini moyoni — mbuzi anajua nini kuhusu linto?

Nimepigilia kipande cha mousse, sponji ya godoro kuukuu, pale juu. Kibaya kweli! Stéphane atanisamehe.

Jumamosi, 19 Oktoba

Niko kwenye benchi la dispensaire. Nisipoandika nitapiga kelele.

Mvua ya usiku iliidondosha ile mousse. Sikuona. Asubuhi Bénit kaja peke yake, mbiombio, gunia la maharagwe begani. Hakugonga pu. Ilikuwa sauti nyingine. Kuna chuma kimetokeza kwenye linto, na kikampata. Akateleza chini, miguu nje, kichwa ndani, damu mpaka kwenye shati. Graciella yuko kazini Luano. Nono hayupo. Mimi tu.

Na yeye, katika damu ile, bado anageuza uso asinitazame!

"Mama, bakia kule. Buko!"

Buko! Nilivua kitambaa changu cha kichwa, nikapiga magoti, nikakishika kile kichwa, nikakibana kifuani. Kizito, cha moto. Alikuwa analia, mwanaume mzima. Nami nililia. Sikumkumbuka mbuzi hata kidogo.

Tumekuja na teksi, magoti yake yamefika kidevuni. Muuguzi Mwila, mwanamke mdogo wa umbo, mkali, akaniuliza: "Mama, uko nani yake?"

Nikisema mama mkwe, ataniambia ningoje nje. Anajua mila huyu, ni wa kwetu Kasai.

"Miye njo mama yake."

Bénit akanitazama. Machoni! Mara ya kwanza tangu harusi. Wala hakuyashusha.

Wamemwingiza nyuma ya pazia kumshona. Graciella yuko njiani. Lakini aliyetangulia ni shemeji Kalaba — mtaani nani asiyeniona nimemkumbatia mkwe wangu? Amekaa hapa pembeni yangu, anapumua kwa nguvu. Kasema mara moja tu: "Madeleine, ulimugusa." Nimesema ndiyo.

Pazia limefunguka. Ni Mwila.

"Mama, mutoto yako anaogopa sindano, anatikisa-tikisa. Anasema ukuye umukamate kichwa."

Shemeji kanishika kiwiko. Anangoja nibaki nimekaa. Nimeshasimama. Haya maneno nayaandika nimesimama. Naenda.