Ndugu Hawafuatani kwenye Kamba

Jumatatu, 3 Juni
Sijawahi kumwambia mtu. Baba akishuka duarani, shimo la dhahabu, kuchimba na wenzake wanne, mimi hupanga majina yao watano, nikitafuta yeye awe wa mwisho. Anayetangulia kwenye kamba hukaa ndani kabisa. Wa mwisho hubaki karibu na mdomo.

Masharti ni mawili. Mzee Ngassa, fundi wa matimba, hutangulia daima kukagua magogo yanayozuia kuta. Na ndugu hawafuatani, nyumba moja isipoteze wawili. Kati ya Baba na mdogo wake, Baba mdogo Shija, lazima awepo Masanja au Limbu, wachimbaji wenzao, au wote wawili. Nimepata mipangilio kumi na miwili. Katika minne Baba ni wa mwisho.

Baba alinikuta na daftari la hesabu hizi. "Profesa, hesabu zinapika ugali?" Nikaona haya. Nikaenda kuosha vyombo.

Jumanne, 4 Juni
Duara limetitia. Wote watano wamo. Nimekaa na Mama kwenye kifusi. Mama Kulwa, mke wa Baba mdogo, analia kwa sauti. Mimi siwezi. Napanga. Minne kati ya kumi na miwili. Haitoshi.

Jumatano, 5 Juni
Wamemtoa Limbu. Hai, ila hajitambui. Gari la mnunuzi wa dhahabu limemkimbiza hospitali, Masumbwe.

Basi wa mwisho hakuwa Baba. Imebaki mipangilio miwili tu. Masanja yuko katikati ya ndugu. Anayefuata kutoka ni Baba au Baba mdogo, na mwenzake yuko ndani zaidi.

Mama Kulwa amenishika mkono. Naomba awe Baba. Maana yake naomba mumewe awe chini. Najichukia. Bado naomba.

Alhamisi, 6 Juni
Ametoka Masanja.

Haiwezekani. Nimefuta, nimepanga upya. Haiwezekani.

Nikajikaza, nikamsogelea alipolazwa. "Shikamoo. Baba yuko wapi?"

"Mbele yangu tu, mwanangu. Shija alikuwa na homa, akakataa kubaki. Baba yako akamwambia, tangulia, leo nakufuata mwenyewe nikuangalie. Tukamtania, mbona unambeba kama bibi harusi?"

Wamefuatana. Hesabu yangu yote ilisimama juu ya sharti ambalo wao walilivunja wakicheka.

Ijumaa, 7 Juni
Mchana mtu alipiga kelele, "Kimya! Kuna anayegonga!" Watu wote kimya, hata watoto. Kweli. Mtu mmoja anagonga. Mmoja tu. Mama Kulwa ananitazama. Sijui niangalie wapi.

Jumapili, 9 Juni
Baba yu hai. Mzee Ngassa na Baba mdogo tuliwazika jana.

Baba hali chakula. Amesema neno moja tu tangu atoke: "Nilimtanguliza mimi." Nilimchemshia maji, akaoga.

Kisha nikaenda kwa Mama Kulwa. Mapacha wake walikuwa hawajala. Nikabandika uji, nikawapoozea, wakanywa. Nikafagia uwanja. Mama yao alipolala, nikafunga mlango taratibu, nikarudi nyumbani.