Mimbari ya Futi Sita

Nzioka, rafiki yangu,

Ukiona herufi zangu zimelala usidhani nimelewa. Ni kwamba naandika nimelala. Miguu imekataa kazi, na daktari siku hizi ananiongelesha kwa upole mno, jambo ambalo silipendi hata kidogo. Kwa hiyo nakuandikia sasa, maana nina neno lako ambalo nimelikalia miaka yote hii.

Unaikumbuka ile kompyuta? Nilipostaafu kazi ya kuchora ramani Nairobi, ofisi ilinipa moja kuukuu, nikaja nayo hapa Sultan Hamud nimeipakata kama mtoto mchanga. Ukatoka kwenye karakana yako na vumbi la mbao kwenye nyusi, ukaizunguka, ukauliza, "Mwalimu, na hii inakula nini?" Sikuwahi kufundisha hata siku moja. Uliniita Mwalimu kwa sababu nilipenda kumsahihisha kila mtu.

Halafu kanisa likatupa kazi: mimi nichore, wewe utengeneze mimbari. Nilikuwa na michoro miwili. Ule wa kanisa zima ulikuwa wa thumuni, yaani sehemu ya nane ya inchi kwenye karatasi kwa kila futi ya jengo. Ule wa mimbari peke yake ulikuwa wa robo inchi kwa futi. Nikataka kuihamisha mimbari, pamoja na maandishi yake, iingie kwenye mchoro wa kanisa. Nikagawanya robo kwa thumuni, nikapata mbili. Hesabu ilikuwa safi! Maandishi yalitakiwa kukuzwa mara mbili, la sivyo yangechapishwa madogo kama mayai ya chawa. Lakini mimbari yenyewe haikutakiwa kuguswa. Ndani ya kompyuta kitu huchorwa kwa ukubwa wake wa kweli. Futi tatu ni futi tatu, uchapishe kwa kipimo chochote upendacho.

Mimi nikashika vyote pamoja, maandishi na mimbari, nikaiamuru kompyuta: mara mbili. Maandishi yakatoka mazuri ajabu, na hayo ndiyo niliyoyatazama. Mimbari ya futi tatu kwa mbili ikawa futi sita kwa nne. Kompyuta, kwa utiifu wake, ikaandika vipimo vipya pembeni.

Ulikuja na karatasi mkononi. "Mwalimu, hii ni mimbari ama ni kaunta ya bucha?"

Nikakujibu kwamba kompyuta haikosei.

"Lakini pasta wetu unamjua ni mfupi. Huku ndani tutampoteza."

"Nzioka, wacha maneno. Fuata karatasi."

Ukaifuata. Ulitengeneza ile kaunta kwa mvule safi, na kuiingiza kanisani ilibidi mtoe fremu ya mlango. Mama Syombua wa kwaya akasema sasa pasta atahitaji baiskeli kutoka Mwanzo hadi Ufunuo. Watu walicheka mpaka wakashika nguzo. Pasta alipopanda na kusimama nyuma yake, alionekana kama mtoto aliyetumwa dukani.

Hapo ndipo nilipokukosea. Kamati ya kanisa ilipokutana nilikuwa tayari nimelijua kosa langu. Nilikuwa nimelisahihisha na kuchapisha karatasi nyingine isiyo na vipimo pembeni, nikaiweka mbele yao. Nikasema mchoro uko sawa, ila fundi amesoma thumuni kama nusu, kwa sababu huku kwetu thumuni ni nusu shilingi. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Nani hapa haiiti senti hamsini thumuni? Uongo ule ulikaa vizuri kama shati la kushonewa. Laiti mmoja wao angechukua penseli! Angeona kwamba kwa kosa hilo mimbari ingekuwa ndogo, si kubwa. Nusu ni mara nne ya thumuni, kwa hiyo futi tatu zingetoka inchi tisa. Pasta angehubiria kuku.

Wewe ulijua hesabu hiyo, na karatasi ya kwanza bado ulikuwa nayo. Ulinitazama, ukachomeka penseli nyuma ya sikio, ukasema, "Sawa, Mwalimu." Basi.

Tangu siku hiyo ukawa Fundi Thumuni. Meza za zahanati zikaenda kwa fundi wa Malili, ambaye miguu ya meza zake haijawahi kukubaliana. Na bado kila Jumamosi ulikuja kwangu kunywa chai, ukanitania juu ya kofia yangu, juu ya Kiingereza changu, juu ya kila kitu isipokuwa hicho. Nilitaka kusema. Nilikuwa nakuongezea sukari badala yake.

Ni mwaka wa tatu sasa tangu tukuzike nyumbani kwenu Kanyangi. Binti yako Mwende ndiye anayeendesha karakana, na nakuambia ukweli, randa imempenda kuliko ilivyokupenda wewe. Mwezi huu kanisa linataka viti vipya. Mzee mmoja wa kamati akasema mbele yake, "Si kwa Thumuni, jamani, atatuletea vitanda." Mwende akacheka pamoja nao, huku akitazama mikono yake.

Nzioka, kicheko kile. Tangu hapo silali vizuri.

Jumapili iliyopita vijana wawili walinishika makwapani nikasimama. Nikasema yote: robo, thumuni, mara mbili, karatasi ya pili, uongo. Kisha pasta, kutoka nyuma ya mvule wako, akauliza, "Kwa hivyo Mwalimu, mimi nimefichwa huku nyuma miaka yote hii na wewe?" Kanisa likaangua kicheko, na safari hii kilikuwa changu, nikakipokea chote. Yule mzee akaenda kumshika Mwende mkono. Viti ni vyake.

Nje nilimwomba Mwende msamaha. Akaniambia, "Baba alijua. Alisema utasema mwenyewe, tusikuharakishe."

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi.

Sasa nimempa kazi nyingine, na mke wangu ameninunia kwa ajili ya kazi hiyo: nimemwomba anitengenezee jeneza. Jana alikuja na tepu, akanipima nikiwa nimelala. Futi tano, inchi saba na robo. Nikamwomba aongeze kidogo, nipate kujinyoosha. Akakataa katakata. "Wewe Mwalimu na kuongeza! Utalala kwa kipimo chako." Tukacheka mpaka nikakohoa.

Lala salama, rafiki yangu. Nakuahidi kwamba tukionana sitaanza na salamu wala na habari za huku. Nitaanza na lile neno nililopaswa kukuambia mbele ya kamati, na nitalisema nimesimama.

Mimi niliyekosea,
Mwalimu